Kutoingilia Mambo ya Jirani

Ujirani una sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote, na kila aliyekulia katika kijiji au mtaa azijua. Sheria ya kwanza ni kwamba nyumba ya mtu ni sitara yake. Mambo ya ndani ni yake mwenyewe, na jirani mwenye adabu hachungulii dirishani wala hasimami mlangoni kuuliza nani amekula na nani amelala njaa. Sheria ya pili ni kwamba ukunga ukipigwa usiku, hapana aliye na ruhusa ya kulala. Mwenye rungu hutoka na rungu lake, na asiye na kitu hutoka na sauti yake. Sheria zote mbili ni njema, na katika siku nyingi za maisha hazigongani. Lakini hutokea usiku mmoja ukunga ukasikika kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa, na anayewaumiza waliomo asiwe mwizi, awe mwenye nyumba mwenyewe. Hapo jirani hana budi kushika sheria moja na kuivunja ya pili.

Mataifa nayo yana sheria hizi mbili. Ya kwanza huitwa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Ya pili imo katika Tangazo la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948. Aghalabu serikali zile zile huzikubali zote mbili, wala hazioni shida mpaka siku ya msiba. Katika Afrika ya Mashariki sheria hizi ziligongana kwa kishindo baina ya mwaka 1971 na 1979, Uganda ilipokuwa chini ya Idi Amin na Tanzania chini ya Julius Nyerere. Habari za vita vya Kagera zimesimuliwa sana kwa upande wa ushujaa. Hapa nakusudia kuzitazama kwa upande mwingine: jirani alitenda nini katika miaka ile minane, kwa hoja gani, na ni nani aliyelipa gharama.

Si haki kuidharau sheria ya kwanza bila kukumbuka kwa nini iliwekwa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, wajumbe wa nchi 32 walikuwa na hofu zenye sababu. Patrice Lumumba wa Kongo alikuwa ameuawa Januari 1961, baada ya wageni kuingiza mikono katika nchi yake na jimbo la Katanga kujitenga. Sylvanus Olympio, Rais wa Togo, alikuwa amepigwa risasi Januari 1963, miezi minne tu kabla ya mkutano. Mipaka ya nchi hizo ilikuwa imechorwa na watawala wa Ulaya, ikakata makabila na malisho bila kuuliza mtu. Kama kila taifa lingepewa ruhusa ya kusahihisha mambo ya mwenziwe, bara zima lingeingia vitani kabla ya kujenga shule moja. Basi mkataba ukasema kwamba nchi zote ni sawa na kwamba hapana itakayoingilia mambo ya ndani ya nyingine. Mwaka uliofuata, Julai 1964, mkutano wa Kairo ulikubali kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe, na nchi iliyoleta pendekezo hilo ilikuwa Tanzania. Kwa hiyo Tanzania haikuukuta ua huu umekwisha kujengwa. Ilishika nyundo pamoja na wajenzi wengine.

Lakini ua uliojengwa kumzuia fisi waweza kumficha mchinjaji. Jambo hili lilionekana mapema, ingawa halikusemwa. Kuhusu Afrika ya Kusini na makoloni ya Ureno, Umoja haukukubali hata siku moja hoja ya mambo ya ndani. Makaburu walipodai kwamba ubaguzi ulikuwa shauri lao wenyewe, Afrika nzima ilijibu kwamba mateso ya binadamu si mali ya serikali inayotesa. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Tatizo ni kwamba jibu la kweli halina rangi. Likiwa la kweli Pretoria, ni la kweli pia katika mji mkuu wa nchi huru yenye bendera yake, wimbo wake na rais mweusi.

Kabla ya kufika Uganda, yafaa kuangalia mara mbili ambapo Tanzania ilikwisha kuijaribu imani hiyo na kupata hasara. Mara ya kwanza ilikuwa Rodesia ya Kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenziwe walijitangazia uhuru wa kuwatawala Waafrika waliokuwa wengi mno kuliko wao. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakaazimia kwamba Uingereza isipoukomesha uasi huo hata tarehe 15 Desemba, wanachama wote wavunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, wanachama waliotimiza ahadi hawakufika hata theluthi moja. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, na mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ukazuiliwa. Kwa nchi iliyopata uhuru miaka minne tu nyuma, fedha hizo zilikuwa barabara, visima na madarasa. Uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968.

Mara ya pili ilikuwa Biafra, na jambo hili lilikuwa gumu zaidi kwa kuwa mtesaji na mteswa walikuwa Waafrika wote wawili. Mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini ya Nijeria, na waliosalia wakakimbilia mashariki. Tarehe 30 Mei 1967 jimbo hilo likajitangaza kuwa nchi, na vita vikaanza Julai. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania, mjenzi wa ua wa mwaka 1964, ilitangaza kuitambua Biafra. Hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba dola huwapo kwa ajili ya usalama wa watu wake. Watu wakikosa usalama huo na kuwindwa, hawawezi kulazimishwa kubaki. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata mwezi wa Mei. Nchi nyingine za Afrika zilikataa. Biafra ikashindwa Januari 1970, na maangamizi yaliyohofiwa baada ya kushindwa hayakutokea: serikali ya Yakubu Gowon ilitangaza msamaha na kuwarudisha Waigbo katika taifa. Mwanahistoria mwadilifu lazima aandike kwamba hofu ilikuwa na msingi katika mauaji ya 1966, na lazima aandike vilevile kwamba utabiri haukutimia. Mtu asikiaye ukunga na kukimbia hawezi kujua yote yaliyomo ndani ya nyumba.

Sasa tufike Uganda. Tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lilitwaa serikali na Idi Amin akawa mtawala. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kumtambua. Tanzania ilikataa, ikampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Haifai kudai kwamba kukataa huko kulitokana na haki za binadamu peke yake. Obote alikuwa rafiki wa Nyerere na mwenziwe katika siasa ya ujamaa, na serikali yake mwenyewe ilikuwa imewaweka watu kizuizini bila kuwahukumu. Siku za mwanzo wengi katika Kampala walimshangilia Amin. Lakini nia iliyochanganyika haiondoi ukweli wa kile kilichofuata, na kilichofuata kilikuwa cha kutisha. Wanajeshi wa makabila ya Acholi na Lango waliuawa kambini mwao katika mwaka ule ule wa kwanza. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka, wakaacha maduka, viwanda na makaburi ya wazee wao.

Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kwa nia ya kumpindua Amin. Jaribio hilo lilipangwa vibaya, likavunjika kwa siku chache. Ndege za Uganda zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Ndani ya Uganda hasira ya utawala iliwaangukia wasio na silaha: tarehe 21 Septemba Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alikamatwa mahakamani mwake mchana, na hakuonekana tena akiwa hai. Oktoba, kwa upatanisho wa Somalia, Tanzania na Uganda zilitia saini mapatano ya Mogadishu na kuahidi kutosaidia maadui wa upande wa pili. Hapa pana fundisho ambalo wapenda haki hawapendi kulisikia. Msaada uliofanywa kwa pupa uliongeza mateso ya wale waliokusudiwa kusaidiwa, kisha ukamfunga mikono msaidizi kwa miaka sita.

Katika miaka hiyo sita, dunia ilifanya nini? Biashara iliendelea. Kahawa ya Uganda ilinunuliwa na makampuni ya Marekani mpaka Bunge la nchi hiyo lilipoizuia mwaka 1978. Kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, ndege zilipeleka pombe kali na vitu vya anasa vya kuwaridhisha maaskari wa Amin, na ziliendelea hata baada ya Uingereza kuvunja uhusiano na Uganda Julai 1976. Makadirio ya waliouawa katika utawala ule hutofautiana, kutoka watu 80,000 hata 300,000 na zaidi, na tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi: maiti zilizotupwa katika Mto Nile hazikuhesabiwa na mtu.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya jambo la kustaajabisha zaidi. Mwaka 1975 ulifanya mkutano wake mkuu Kampala, na kwa zamu ya desturi mwenyeji akawa mwenyekiti wa Afrika. Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji zilikataa kwenda. Serikali ya Tanzania ilieleza sababu bila kuficha: viongozi wa Afrika hawawezi kulaani mauaji ya Waafrika yanayofanywa na wakoloni na makaburu, huku wamekaa katika nyumba ya mtu anayewaua Waafrika wenziwe, nao wakanyamaza. Maneno hayo hayakuokoa roho hata moja. Walakini yaliandikwa, na kwa ajili yake hakuna awezaye kusema leo kwamba Afrika yote haikujua. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na utawala ukasema ilikuwa ajali ya gari. Juni mwaka huo Jumuiya ya Madola ilimlaani Amin mkutanoni London. Ukunga ulikuwa umepigwa kwa miaka sita ndipo barazani pakasikika neno.

Mlango haukuvunjwa na jirani, ulifunguliwa na mwenye nyumba. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni sehemu ya Uganda. Ng'ombe walichukuliwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likabomolewa, na inakadiriwa kwamba raia 1,500 waliuawa. Siku iliyofuata Nyerere alilihutubia taifa, akasema kwamba Tanzania inayo sababu ya kumpiga mvamizi, inao uwezo na inayo nia. Wapatanishi wa Afrika walikuja na ombi la kusimamisha vita. Nyerere aliwataka kwanza wamlaani mvamizi, na wao hawakuweza kutamka laana hiyo. Yule aliyevunja mkataba na yule aliyevunjiwa waliambiwa kwa sauti moja wawe na subira.

Januari 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yalivuka mpaka na kuteka Mutukula. Masaka ilianguka Februari. Libya ilipeleka askari kumsaidia Amin, wakashindwa Lukaya mwezi wa Machi. Mwezi huo huo Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi kupanga serikali, na tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa imetekwa. Msomaji aangalie kwa makini hoja iliyotumika. Tanzania haikusema mbele ya dunia kwamba iliingia Uganda ili kukomesha mauaji. Ilisema kwamba inajilinda, haki ambayo kila nchi inayo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Nyerere aliongeza kwamba vita vilikuwa viwili: Watanzania walikuwa wakimfukuza mvamizi, na Waganda walikuwa wakijikomboa. Maelezo hayo yalikuwa na hila kidogo, kwa kuwa kila mtu aliona ni bunduki za nani zilizofika Kampala. Lakini hila ile yatuonyesha hali ya sheria za wakati ule. Jirani alilazimika kusema kwamba aliingia kwa ajili ya shamba lake lililoporwa, kwa maana sheria haikumruhusu kusema kwamba aliingia kwa ajili ya kilio.

Julai 1979 viongozi wa Afrika walikutana Monrovia. Jaafar Nimeiri wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nijeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya watu na kumwondoa mtawala. Lawama yao haikuwa ya upuuzi. Walijua kwamba njia iliyopitwa na mwenye haki hupitwa kesho na mwenye tamaa. Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, aliwajibu kwa niaba ya watu wake kwamba sheria ya kutoingilia haikuwekwa ili kuwakinga watawala wanaochinja. Katika mkutano huo huo iliamuliwa kwamba Afrika iandike mkataba wake wa haki za binadamu. Mkataba huo ulipitishwa Nairobi Juni 1981, ukaanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986.

Gharama je? Askari 373 wa Tanzania walikufa, wengi wao kwa ajali na maradhi. Fedha zilizotumika zinakadiriwa kuwa dola milioni 500, nazo hazikurudishwa na Afrika wala na dunia. Wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na mkanda haukufunguliwa, kwani bei ya mafuta ilipanda, mazao yalishuka thamani, na miaka ya 1980 ikaanza kwa foleni za sabuni, sukari na unga. Haki ya Waganda ililipwa kwa sehemu na mama wa Dodoma na Lindi aliyekosa kipande cha kanga, ambaye hakuulizwa na mtu. Jambo hili latakiwa kutajwa kila vita ile inaposifiwa.

Na Waganda walipata nini? Yusuf Lule alitawala siku 68, Binaisa chini ya mwaka mmoja. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote huku wapinzani wakilalamika kwamba kura ziliibwa, na vita vipya vikaanza. Katika Luwero na kwingineko maelfu kwa maelfu wakafa kabla ya mwaka 1986. Majeshi ya Tanzania yaliondoka mwaka 1981. Kumwondoa mwovu ni kazi moja, na kuweka wema mahali pake ni kazi nyingine, ambayo mgeni hawezi kuifanya. Nyerere alishindwa katika ile ya pili, na huenda urafiki wake wa zamani na Obote ulimfanya asione vema.

Wako pia wanaouliza: Tanzania ilikuwa na haki gani ya kusema, nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila hukumu, na Zanzibar ilikuwa na magereza yake? Swali hili ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kelele za uzalendo. Mtu mwenye mkono mchafu aweza kumtoa mtoto motoni, na mtoto akapona. Hapana atakayemwambia aache kwanza moto uwake hata akanawe. Lakini moto ukisha kuzimwa, mkono bado ni mchafu, na sifa ya kuokoa haiuoshi.

Miaka iliyofuata sheria zenyewe zilibadilika. Mkataba wa kuunda Umoja wa Afrika, uliotiwa saini Lomé Julai 2000, unasema katika ibara ya 4 kwamba Umoja unayo haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wameyaona ya Uganda, na zaidi ya hayo waliokuwa wameyaona ya Rwanda mwaka 1994, wakati Umoja wa Mataifa ulipopunguza askari wake mauaji yakiendelea. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu na watu ina makao yake Arusha. Lakini Desemba 2015, baraza la usalama la Umoja lilipokubali kupeleka askari 5,000 Burundi kuwalinda raia, serikali ya Burundi ilikataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakaamua kwamba hawataenda bila idhini yake. Ruhusa imekwisha kuandikwa, ujasiri hauandikwi.

Tukiyapima yote, naona kwamba historia hii haitupi kanuni nyepesi. Mwaka 1972 kuingia kulikuwa kosa, na mwaka 1979 kulikuwa afadhali kuliko kutoingia. Mwaka 1968 moyo ulikuwa sahihi na utabiri ukakosea. Kinachobaki imara ni kimoja: katika miaka yote hiyo hapakuwa na nchi iliyokaa kando bila kutenda. Aliyenunua kahawa alitenda. Aliyepeleka pombe alitenda. Aliyekwenda Kampala mwaka 1975 akapiga makofi alitenda. Kunyamaza nako ni siasa ya nchi za nje, yenye wafaidikaji wake na wenye kuilipia, na tofauti yake na siasa nyingine ni kwamba bei yake hulipwa na wengine, mbali, ambao hawaleti hesabu. Serikali itakayotaka kunyamaza kesho, na zitakuwapo nyingi, na iitaje sababu yake waziwazi kama ilivyotajwa sababu ya kutokwenda Kampala, ili watu wa nchi hiyo wajue ni nini kilichonunuliwa kwa jina lao.